Ala, Siki na Magome ya Miwati

Wateja wangu wengi huanza na rangi. Mtu hajakaa vizuri kwenye benchi, ameshasema: "Fundi, mimi nataka nyeusi, ile inayong'aa." Hajaniambia kisu chake kina urefu gani, wala kama atakivaa kiunoni au atakitundika begani, lakini rangi ameshaichagua. Simlaumu, maana rangi ndiyo inayoonekana. Ila mimi nikisikia "nyeusi" naanza kuwaza ngozi, na nikiwaza ngozi nawaza magome. Katika kazi ya ala, yaani mfuko wa ngozi wa kuvalia silaha, iwe ya kisu, ya sime au ya bastola, umbo na rangi vyote viwili huwa vimeshaamuliwa kabla ngozi haijafika mezani kwangu. Aliyeamua ni yule aliyeisindika.

Ziko namna mbili kubwa za kuifanya ngozi ya mnyama isioze. Ya kwanza ni ya chumvi za kromu, aina ya metali. Hii ni changa. Augustus Schultz wa New York aliipatia hataza mwaka 1884, na kwa kuwa kazi iliyokuwa ikila wiki nyingi sasa ilimalizika kwa siku moja hivi, ikaiteka dunia. Viatu vingi unavyoviona mtaani, majaketi, makochi, pochi za akina mama, hiyo ni kromu. Namna ya pili ni ya zamani mno: ngozi hulowekwa kwenye maji ya magome, majani au matunda ya miti yenye tanini, kile kitu kikali kinachokausha ulimi, ikakaa humo mpaka maji yale yaifikie ndani kabisa. Sudan wanatumia matunda ya mgunga wanayoyaita garad. Sisi huku Njombe tuna miti ya miwati.

Tofauti yake ni hii. Ngozi ni nyuzi za kolajeni, aina ya protini, zilizosokotana. Kromu inazifunga kwa nguvu, maji hayazilegezi. Unaweza kuilowesha ngozi ya kromu, ukaiminya juu ya kisu mpaka vidole viume. Ukiiachia, inarudi ilikotoka. Tanini nayo inazishika nyuzi kwa vifungo vyepesi zaidi. Maji yakiingia vifungo vinalegea, nyuzi zinateleza, ngozi inakubali unachoitaka. Ikikauka, inashikana upya palepale ulipoiacha, ngumu, na umbo lako limebaki. Ndiyo maana ala nzuri haihitaji kamba ya kuzuia kisu kisidondoke. Ngozi yenyewe inakumbatia chuma.

Kwa hiyo kabla ya kununua naipima. Tone la maji kwenye upande uliokuwa na manyoya: ngozi ya magome isiyopakwa kitu inalinywa na kuacha doa jeusijeusi linalofifia, ya kromu mara nyingi inaliacha likiviringika. Naangalia ukingo uliokatwa, nikiona rangi ya kijivu inayoelekea kwenye buluu ndani, naiweka chini. Kama muuzaji ni mbishi, naomba kipande kidogo cha kutupa nikitumbukize kwenye maji yanayochemka. Cha magome kitajikunja na kuwa kigumu. Cha kromu kitatoka karibu kama kilivyoingia. Na iko njia moja ninayoipenda kuliko zote, tone la siki iliyokaa na misumari yenye kutu, lakini hiyo nitaifikia.

Sasa, jambo linalonikera kidogo. Ngozi za magome zenye unene wa kufaa ala, milimita tatu na ushee, ni za kutafuta. Mimi nyingi nazipata Nairobi kwa kuagiza, kule Kariokor kwenye soko la mafundi wa ngozi na makubazi, au nasubiri mtu anayetoka huko anibebee. Ng'ombe tunao, si wachache. Lakini sehemu kubwa ya ngozi zetu imezoea kuondoka nchini ikiwa ghafi, au ikiwa imefika nusu ya safari, bado ina maji na ina rangi ya buluu ya kromu, hatua ambayo wafanyabiashara wanaiita wetibluu. Na wakati huohuo, ukitoka mjini Njombe kidogo tu kuelekea Kibena, kuna kiwanda ambacho kazi yake ni kukamua tanini.

Kiwanda hicho ni cha Kampuni ya Miwati Tanganyika, TANWAT kwa kifupi, iliyoanzishwa mwaka 1949 chini ya shirika la maendeleo la wakoloni wa Kiingereza. Mwati wenyewe si wa hapa. Asili yake ni kusini mashariki mwa Australia. Uliletwa, ukaipenda baridi yetu, na sasa watu wa huku wameuzoea hata hawakumbuki kuwa ni mgeni. Kuni ni miwati, mkaa ni miwati, nguzo ya banda la nguruwe ni mwati. Mti ukifikisha umri wa miaka minane au kumi unaangushwa, magome yanabanduliwa, na wanaobandua watakwambia kazi hiyo ni nyepesi wakati wa mvua, utomvu unapopanda. Kiwandani magome hukatwakatwa, hupitishwa kwenye maji ya moto, maji yale hukaushwa, na kinachobaki ni unga wa kahawia mwekundu. Ukiuonja, ulimi unakauka. Unga huo unapakiwa na kwenda kusindika ngozi za watu wengine. Kenya nao walikuwa na biashara ya namna hii upande wa Eldoret. Mimi naishi karibu na magome, ila ngozi iliyopikwa kwa magome naiagiza kutoka mbali. Nimeshazoea kulicheka jambo hili.

Turudi mezani.

Ala ya kisu naikata, naiweka utepe wa ngozi katikati ya kingo mbili ili makali yasile uzi, nagundisha, natoboa, nashona kwa mkono kwa sindano mbili na uzi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Hayo yote ni kazi kavu. Kisha ndiyo naleta maji.

Maji yawe ya uvuguvugu, basi. Maji ya moto ni adui. Ngozi ya magome ikifika nyuzijoto sabini na kitu inaanza kusinyaa, na ikisinyaa haina dawa. Nazamisha ala nzima, siloweshi upande mmoja peke yake, kwa sababu maji yakikauka yanasukuma tanini kuelekea ukingoni mwa unyevu na kuacha mstari mweusi usiotoka. Mapovu yakikoma naitoa. Hapo wengi wana haraka, wanaanza kuminya ngozi ikiwa bado inachuruzika. Hiyo ni mapema. Inabidi isubiriwe mpaka rangi yake ya kwanza ianze kurudi kwa juu huku ndani bado kuna maji. Ukiigusisha shavuni bado ni ya baridi. Ukiikandamiza kwa ukucha, alama inabaki. Sasa ndipo.

Kisu nakizungushia nailoni nyembamba ile ya jikoni, au nakipaka mafuta mazito, ndipo nakiingiza. Si kwa kuogopa kutu tu. Chuma kikigusa ngozi ya magome iliyolowa kinaacha doa jeusi tii. Hata chembe za chuma kutoka kwenye tupa, zikianguka mezani na ngozi iliyolowa ikalala juu yake, utapata madoadoa ambayo hayasuguliki. Liweke moyoni hilo doa, tutalihitaji.

Kuminya naanza kwa vidole gumba, taratibu, kutoka mdomo wa ala kwenda chini. Kisha nachukua ubavu wa ng'ombe niliousugua kwa msasa mpaka ukawa laini, naufuatisha kwenye mpaka wa mpini na chuma, kwenye nundu, kwenye kila kona ambayo nataka ionekane. Wapo wanaochora kila msumari wa mpini mpaka ala inaonekana imevishwa kisu. Mimi napenda kidogo tu. Ala iliyochongwa mno inanaswa na kila kitu, na mwenye kisu akikinoa mpaka kikapungua, zile kona zote zinabaki kuwa urembo mtupu.

Bastola ni habari nyingine, na ina ugumu ambao mafundi wa Marekani hawaujui. Kule kazi hii ilikua sana. Karne iliyopita karakana kama ya S. D. Myres mjini El Paso, Texas, zilipata jina kwa mifuko ya bastola ya wachunga ng'ombe na askari, na leo fundi wa huko hununua bastola bandia ya plastiki ngumu ya buluu, iliyotolewa kwenye kalibu ya bastola halisi, akaumbia ngozi juu yake bila wasiwasi. Hapa kwetu mwenye bastola ni mtu mwenye leseni, mara nyingi mfanyabiashara au mwenye shamba kubwa, na leseni ni yake, si ya karakana yangu. Sitaki silaha ilale kwangu hata saa moja. Kwa hiyo mteja anapima mwenyewe nyumbani, au anakuja na bastola tupu, yeye ndiye anayeishika, mimi nashika rula na karatasi. Kisha seremala ananichongea mfano wa mti. Mti mgumu, maana mti laini unabonyea ukibanwa na ngozi. Ninao mifano kadhaa ukutani sasa. Wageni wakiingia wanashtuka kwanza.

Katika ala ya bastola mambo matatu siyafanyii mzaha. Kifyatulio lazima kifunikwe chote, kiasi kwamba kidole hakiwezi kukifikia mpaka silaha itoke. Mdomo wa ala ubaki wazi baada ya bastola kutoka, hivyo naongeza tabaka la ngozi pale juu, la sivyo mtu atatumia mikono miwili kuirudisha. Na kwa kuwa bastola ina nundu ya kulengea mbele, naweka kijiti juu ya mfano wakati wa kuumba, ili ibaki njia ya kupitia. Bila hiyo nundu itakuwa inakwangua ngozi kila inapotoka. Baada ya hapo sehemu ya kubana ni pale kwenye kikingio cha kifyatulio. Naizamisha ngozi pale kwa mfupa mpaka mfano ukiingia unasikia umekaa. Ukiigeuza ala juu chini, mti haudondoki.

Kukausha ni subira, na hasa Njombe. Miezi ya Juni na Julai ukungu unaingia mpaka ndani, ngozi inakaa siku nyingi zaidi kuliko ingekaa Dodoma. Naitundika penye upepo, mbali na jiko na mbali na jua kali, na mfano nautoa mapema ili hewa ipite ndani. Ikikaa na unyevu mahali pasipo hewa inaota ukungu wa kijani, na ukungu ukishaingia kwenye nyuzi rangi haitulii tena vizuri.

Kuna watu watasema haya ni mambo ya kuiga wazungu. Nenda ukaangalie sime ya Mmasai. Ala yake ni vibao viwili vyembamba vya mti vilivyovishwa ngozi, na ngozi ile inavishwa ikiwa mbichi, inashonwa, kisha inaachwa ikauke. Ikikauka inasinyaa na kubana mti mpaka huwezi kupitisha ukucha. Halafu inatiwa rangi nyekundu. Ni wazo lilelile: maji yafungue, ukavu ufunge. Tofauti ni kwamba ngozi ghafi inafunga kwa kusinyaa, tena ikinyeshewa sana inalegea. Ndiyo sababu inahitaji vile vibao ndani. Ngozi ya magome inasimama yenyewe. Na Waarabu wa Oman wanaovaa jambia mbele ya tumbo nao huweka mti ndani na ngozi juu, kisha fedha juu ya ngozi, mpaka macho yanasahau kuwa chini yake kuna ngozi.

Basi rangi.

Mafundi hugombana kuhusu kipi kianze, rangi au umbo. Wanaopaka kwanza wana hoja: uzi unabaki mweupe, na gundi haijachafua ngozi, maana penye gundi rangi haiingii. Mimi naumba kwanza. Nikishapaka halafu nikalowesha, mfupa unaikwangua rangi pale ninapokandamiza zaidi, yaani palepale penye umbo, na sitaki kurudia. Ninachofanya ni kuwa mchoyo wa gundi, mstari mwembamba kabisa, mbali na ukingo.

Rangi ya dukani ya spiriti inaingia vizuri kuliko ya maji. Kahawia naizimua nusu kwa nusu na spiriti, napaka kwa kitambaa cha pamba kwa kuzungusha, mara nyingi na nyepesi badala ya mara moja na nzito. Nikipaka nzito, vumbi la rangi linabaki juu, na hilo ndilo linaloachia kwenye nguo. Mtu akivaa ala kama hiyo juu ya shati jeupe siku ya Ijumaa, jioni atakuwa na malalamiko halali. Kwa hiyo ikikauka nasugua, nasugua tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Nyeusi ya kopo ni mkorofi kuliko zote katika jambo hili, na ndiyo wateja wanayoipenda kuliko zote.

Ndiyo maana mteja akiniambia nyeusi namuuliza: "Nyeusi ya kupaka au ya kuiva?"

Ya kuiva haina rangi ndani yake. Ni siki na chuma. Nachukua siki nyeupe ya jikoni, natumbukiza chuma cha kusugulia sufuria kilichooshwa mafuta yake, au misumari yenye kutu, naacha kwenye chupa pembeni ya nyumba kwa wiki mbili hivi. Kifuniko kisibane, maana inatoa hewa ya hidrojeni na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Maji yale yakishachujwa ni ya kahawia nyepesi, huwezi kudhani yana nguvu yoyote. Yapake kwenye ngozi ya magome: yanaanza kijivu, yanakuwa ya samawati ya wingu la mvua, na kabla hujamaliza upande wa pili, upande wa kwanza umekuwa mweusi. Chuma kimekutana na tanini. Ni doa lilelile nililokuwa nalikwepa wakati wa kuumba, sasa nimeliita kwa makusudi likafunika ngozi nzima. Wino wa chuma na tanini, uliotumika Ulaya kuandikia vitabu karne na karne, ni ndoa hiyohiyo.

Weusi huu hauachii, kwa sababu hakuna kilichokaa juu. Ngozi yenyewe imegeuka ndani. Ukiikwangua bado ni nyeusi. Na ngozi ya kromu ukiipaka siki ile haibadiliki kitu zaidi ya kunuka, ndiyo maana tone lake ni kipimo changu cha dukani. Ngozi ikiwa ya magome lakini tanini yake ni hafifu, itaishia kijivu. Hapo napika chai kali ya rangi, bila sukari, natumia majani ya humuhumu Njombe, naipaka kwanza ikauke. Chai nayo ina tanini. Baada ya chai, siki inafanya kazi yake sawasawa.

Ila usiiache hivyo. Asidi na chuma cha ziada vikibaki ndani, baada ya miaka ngozi inaanza kumong'onyoka. Naisuuza kwa maji yaliyochanganywa kijiko cha soda ya kuokea mikate, nasuuza tena kwa maji matupu, na ikiwa bado na unyevu kidogo naipaka mafuta ya kwato za ng'ombe. Usitumie magadi. Ni makali mno, yanaitoa tanini na kuifanya ngozi kuwa ngumu yenye nyufa. Harufu ya siki itakaa siku kadhaa, kisha itaondoka yenyewe.

Kwa moyo wangu lakini, rangi bora ya ala ni ile nisiyoipaka. Naipaka mafuta mepesi, naianika kwenye jua la mlimani la asubuhi, naigeuza mchana. Ngozi iliyosindikwa kwa miwati ina wekundu ndani yake, na jua linautoa nje. Inaanza na rangi ya biskuti, inakwenda kwenye kahawia ya asali, na ikishavaliwa mwaka mzima inakuwa na rangi ambayo hakuna kopo linaloiuza. Wateja wachache huikubali. Wengi wanaiona haijamalizika.

Kumalizia ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta, kidogo, na kingo nazisugua kwa kipande cha mti na maji mpaka zing'ae. Usiitie mafuta mengi ukidhani unaitendea wema. Ala iliyolainika haishiki tena, na kazi yote ya mfupa imepotea. Na kisu au bastola isihifadhiwe ndani ya ala miezi na miezi. Ngozi inavuta unyevu hewani na kuushikilia kwenye chuma. Hata risasi zikiachwa kwenye mkanda wa ngozi, ganda lake la shaba linaota kijani.

Siku hizi nimeanza kuloweka ngozi mwenyewe. Za mbuzi kwanza, zilizotolewa manyoya kwa chokaa, kwenye mapipa ya magome: pipa hafifu, kisha lenye nguvu zaidi, kisha kali. Ukianza na kali, tanini inaziba juu na ndani pabaki pabichi. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, haitoshi kwa ala, ila inafaa kwa bitana na kwa vifuko vya simu. Sasa nina nusu ya ngozi ya ng'ombe kwenye pipa la pili. Nikikata ukingo bado naona mstari mweupe katikati, maana yake magome hayajafika. Ngozi nene hivyo inaweza kudai miezi, na sina mpango wa kuiharakisha.

Kwa wale walioniandikia kuagiza ala za bastola: leteni vipimo na picha ya pembeni, msilete silaha. Semeni mnavaa kulia au kushoto, na mkanda wenu una upana gani. Na anayetaka nyeusi ya kuiva kabla ya Agosti, aagize mapema. Kwa ukungu huu, kukauka peke yake ni wiki.